Mlango Mwembamba na Sufuria Inayozunguka

Usiku wa kuamkia leo niliota tunahama, na kilichohama si nyumba, ni tovuti.

Tovuti yenyewe ni ya duka letu la kukodisha vyombo vya shughuli, pale Ngamiani, Tanga: masufuria ya pilau, sahani, viti, maturubai. Aliyeianzisha ni dada yangu Mwantumu, na ndiye aliyekuwa akiwajibu wateja waliouliza maswali chini ya kila ukurasa. Huu ni mwaka wa pili tangu afariki. Kampuni inayoihifadhi tovuti inafunga, kwa hiyo nimepata fundi wa kujitegemea, anaitwa Elineema, yuko Moshi, aihamishie kwingine. Alinitumia makadirio yake, na fedha yangu haikutosha yote. Nikaamua cha kuacha: majibu ya dada. Hayaleti mteja. Nilipanga kumwambia fundi leo asubuhi.

Ambacho sikukubali kukiacha ni sufuria inayozunguka. Ukifungua tovuti mpya, itatokea picha ya sufuria yetu kubwa, inazunguka polepole huku inafuka moshi. Wenzetu wa barabara ya pili wana turubai linalopepea kwenye tovuti yao, na mimi sitaki kupitwa.

Katika ndoto Elineema alikuwa ndama. Sikushangaa. Sijawahi kuonana naye, na kwenye simu yake ameweka picha ya ndama, sasa angekuja na sura ya nani? Amebeba begi la kompyuta mgongoni, anatafuna.

"Shikamoo, dada Siku," anasema.

"Marahaba. Kwanza tunafanya nini?"

"Kwanza tunatoa nakala."

Pembeni yangu anatokea mimi mwingine, Sikudhani wa pili, kanga ileile, hata kovu la kwenye kiwiko analo. Anakaa juu ya ndoo. Anasema yeye ni wa akiba, nikiharibika mimi ataendelea yeye. Nikamuuliza kama amekula. Akajibu kwamba niliposhiba mimi alishiba na yeye.

"La pili, tovuti isizimike hata kidogo," anasema ndama. "Wateja wasijue kama tunahama."

Kumbe ndani ya stoo yetu ya vyombo kuna harusi, na wageni wako kwenye pilau. Tunavuta viti chini yao kimoja kimoja. Wanaendelea kukaa vilevile, hewani, sahani mapajani. Mzee mmoja ananishika mkono, nikadhani analalamika, kumbe anataka kuongezwa kachumbari. Nikamwongeza.

Nageuka na bakuli la kachumbari mkononi, tuko uwanja wa mpira. Katikati ya uwanja umesimama mlango mmoja, hauna ukuta wala paa.

"Hiyo ndiyo bajeti yako," anasema ndama. "Uliipima mwenyewe."

Ulikuwa mwembamba kweli. "Nikizunguka kwa pembeni?"

"Ukipita pembeni, huo ni mkopo."

Nilitazama pembeni. Nyasi zilikuwa zimekanyagwa sana.

Kando ya mlango kuna mtu mnene amekaa kwenye kiti chetu cha plastiki, amevaa koti la mvua na jua linawaka. Namuuliza yeye ni nani. Anasema ni fungu la dharura.

"Mbona hufanyi kazi?"

"Omba Mungu nisifanye," anasema, akajifunga vifungo vya koti.

Chini ya kiti chake ndipo nilipoliona kopo letu la rangi ya bluu. Dukani kwetu hakuna chombo kinachotoka bila kidoa cha bluu kwa chini, maana kwenye shughuli vyombo vya nyumba nyingi huoshwa pamoja, na usipoweka alama utarudishiwa sufuria ya watu. Mwantumu ndiye aliyekuwa akipaka, kwa kidole. Na pale mlangoni sheria ni hiyohiyo, kisicho na kidoa hakipiti.

Nachovya kidole, napaka. Bei za kukodi zinapita zimeshikana mikono. Picha za viti zinapita. Ramani ya kufika dukani inasimama kizingitini kuuliza kushoto ni wapi, ndama anaisukuma kwa kichwa.

Kisha ikaja sufuria, inazunguka. Ikaingia mlangoni, ikaujaza wote. Hata kijiko kisingepenya pembeni yake.

"Unapika nini?" nikaiuliza, maana moshi ulikuwa mwingi.

"Sipiki. Nazunguka."

Niliona aibu kidogo, lakini nilikuwa nimeshaipaka kidoa.

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu. Mlango wa stoo yetu ya zamani sasa uko golini, na mbele yake amesimama dada Mwantumu, na dera lake la maua, amekumbatia rundo la sahani. Anawaambia wateja wawili: "Wamehamia kule mbele, wanangu. Piteni moja kwa moja, mtaona ndama."

Hata usingizini nilijua kwamba amekufa. Nikamwita.

"Dada, unafanya nini hapo?"

"Nawaelekeza. Tovuti ikihama, lazima abaki mtu kwenye mlango wa zamani. Nimeona mimi simo kwenye vya kwenda, nikajua ndiyo kazi uliyonipa."

Hakusema kwa hasira. Bora angekasirika.

"Nilifikiri majibu yako hayaleti mteja," nikasema.

"Hayaleti," akakubali. Akanionyesha sahani ya juu, na maandishi yake yalikuwa yameuzunguka ukingo wote. "Huyu aliuliza bei ya sufuria ndogo, ana msiba wa mtoto mchanga. Nilimwambia aje achukue, asilipe. Hakukodi tena kwetu. Lakini aliirudisha na maandazi ndani, unakumbuka? Ulikula wewe."

Nilikumbuka. Yalikuwa na iliki. Nikalia, na ndama akaacha kutafuna.

Kisha nikairudia sufuria. "Naomba utoke."

"Nimeshawekwa kwenye bajeti."

"Najua. Toka tu."

"Naweza kuzunguka huku nje?"

"Zunguka."

Ikaondoka juu ya nyasi inafuka moshi, wala haikununa. Nadhani haikujua tofauti.

Kopo la rangi lilikuwa karibu kukauka. Nikakwangua kwa kucha, nikapaka sahani za dada moja moja, yeye ananishikia.

"Kwa chini, pembeni," anasema. "Hapo hapafutiki haraka."

"Sasa mlango wa zamani atabaki nani?" nikauliza.

Yule Sikudhani wa akiba akanyanyuka kwenye ndoo, akakung'uta kanga. "Mimi hapa. Nilikuwa sina shughuli." Akaenda golini, akaanza kuwaelekeza watu kwa sauti yangu.

Mwantumu akapita mlangoni ubavu ubavu, sahani kifuani, bila kugusa mwimo. Nilitaka kumwambia namkumbuka sana. Nilipofungua mdomo, muadhini akaadhini, nikaamka.

Kulipokucha sikungoja hata chai. Nikamwandikia Elineema atoe sufuria inayozunguka, na badala yake ahamishe majibu yote ya marehemu dada.

Akajibu mara moja. "Shikamoo dada Siku. Sawa, gharama haitabadilika. Ila nina swali. Jana nilitoa nakala ya tovuti nzima, sikuona kitu. Leo nimeifungua, kila jibu la marehemu lina kidoa cha bluu, kwa chini, pembeni. Ni yake tu, maswali ya wateja hayana. Sijui kimetoka wapi. Nikifute?"



Nikamwandikia akiache kidoa. Ndivyo tunavyofanya dukani kwa kila chombo tunachotaka kirudi nyumbani.