Kipimo cha Aliye Mfupi Kuliko Wote

Usiku wa jana niliota nimekasirika, ila sababu yenyewe ilikuwa bado haijafika.

Nimekaa karakanani kwa baba mdogo Asangwile, anayeitengenezea klabu ya kulenga shabaha risasi za bunduki. Mbele yangu kuna maganda ishirini ya shaba ya njano, mapya, hayajawahi kutiwa baruti. Shingo zao zimebonyea kwenye mfuko yalimokuja. Nazinyoosha kwenye kalibu, tundu la chuma linalozirudishia umbo, moja moja.

"Taratibu, dada," ganda la tatu linaniambia. "Hilo ni koo."

"Samahani," nasema. Mimi huviomba radhi hata viti.

Kalipa, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, inapanda mezani, inafungua taya zake na kuyapima yote. "Hayalingani. Yakatwe yafanane na lililo fupi kuliko yote."

Ndiyo kanuni, hata nikiwa macho. Nainua macho nimuulize baba mdogo, nakuta karakana imekuwa sebule ya nyumbani na ukoo mzima umepanga foleni. Baba mdogo anapangusa kisu.

"Tunaanzia juu," anasema, "kama maganda."

"Ba'mdogo, nimesuka jana tu!" analalamika mdogo wangu Atupele, aliye mrefu kuliko wote. "Kata miguu basi."

"Miguu haikatwi. Chini ni kitako, na kitako cha ganda hakiguswi."

"Mfupi ni nani?" kalipa inauliza.

Wote wananigeukia. Kalipa inanibana utosini na unyayoni, inasoma. "Mfupi ni Subilaga. Kwa kipimo hiki, kichwa cha Atupele kitoke chote."

"Huyo si mfupi," anadakia shangazi Tusekile. "Ameinama tu. Tangu darasa la kwanza ameinama."

"Mimi sipimi sababu."

Hapo ndipo hasira yangu inapopata sababu. Miaka yote nimeinama ili nisimsumbue mtu, kumbe nilikuwa naandaa kipimo cha kumkatia mdogo wangu kichwa!

"Pima tena!" napiga kelele.

"Unasemaje?"

"Umenisikia! Pima tena, mdudu wa chuma wewe! Ukigusa hata unywele wake nakuyeyusha!"

Nanyoosha shingo. Inalia ko! Kalipa inatanua taya, inazidi kutanua, inapita namba ya mwisho.

"Namba zimeisha," inasema, kisha inaanguka sakafuni na kuvunjika vipande viwili. Baba mdogo anakunja kisu.

Nimeamka asubuhi nikiwa bado na hasira. Nyayo zangu zilikuwa zimekanyaga kitu cha baridi: ubao wa mwisho wa kitanda, upande wa miguuni. Nimelala kitanda hicho miaka sita, sijawahi kuufikia.

Sikukunja miguu.