Mama Watatu, Herufi Moja

Ulipita pale Bariadi mwaka 1998, ukachungulia dirishani, ukaona, ukageuza shingo. Usikane. Kiingereza unakijua, ulisomeshwa bure.

Ndani ya ghala la zamani la ushirika, kampuni mpya ya pamba iliweka kompyuta tatu. Anayetaka ukarani wa mizani aandike habari za kwao kwa Kiingereza, na programu ipige mstari mwekundu chini ya kosa. Makosa yakiisha, kazi ni yako. Nyanjige wa Sapiwi aliitaka, maana mizani ya kampuni ilikuwa inakula pamba ya kwao msimu wa pili sasa.

Aliandika: “My mother are picking cotton.” Mama zake walikuwa watatu, Justina, Veronica na Mektilda, ndugu wa tumbo moja, na neno mama halibadiliki hata wakiwa kumi. Mstari ukatokea. Programu ikataka “is”, ya mtu mmoja.

“Kubali tu, binti,” alisema Januarius, msimamizi. “Mashine haibishani na mtu.”

Akabonyeza. Alipofika Sapiwi alimkuta Justina peke yake shambani, na vikapu vitatu.

“Mwadila, mayu,” alimwamkia mama yake kwa Kisukuma. “Wenzako wako wapi?”

“Walikuwa hapa. Nimeinama kuchuma, nimeinuka, niko mmoja.”

“Wewe ndiye uliyenizaa?”

“Sasa hilo nalo ni swali?” Justina akaendelea kuchuma. Nyanjige hakujua ni yupi kati ya watatu; pale kwao hakuna aliyewahi kuuliza.

Asubuhi akairudisha “are”. Mstari nao ukarudi.

“Toa hilo kosa,” alisema Januarius. “Bundala hapo nyuma aliandika ‘my cow are drinking’. Kabakiwa na ng'ombe mmoja, na halalamiki.”

“Nalalamika,” alisema Bundala. “Ila kwa Kiingereza sijui inaandikwaje.”

Nyanjige akayatazama yale maneno mawili, “mother” na “are”. Moja lilikuwa na kosa, hakujua lipi. Muda wa jaribio ukaisha, programu ikaweka “is” yenyewe.

Kazi aliipata. Mizani bado inakula: akiandika taarifa ya wizi huo, programu inaifuta pamoja na makosa. Nyumbani vikapu bado ni vitatu, na Justina huvijaza vyote.

Ilikosekana “s”, mwisho wa “mother”. Uliijua palepale dirishani. Kompyuta zile bado zipo, na ghala hufungwa saa kumi. Inuka, nenda ukaiandike.