Sauti ya Daktari Benard

Mwaka ule wa mvua za Elnino, Dama alikuwa akinywa chai ghalani Mbaraki, walikofanyia utafiti, alipofungua jarida la sayansi akakuta kazi yake imechapishwa kwa jina la mkubwa wake, Daktari Benard. Jina la Dama halikuwamo hata kwa dawa.

Ghalani mlikuwa na tangi la maji, na ndani yake, gizani, macho ya kioo ya kunasia mwanga, yaliyongoja mmweko wa chembe ya kutoka angani ambayo huenda isipite miaka na miaka. Jicho moja likichelewa kuliko wenzake, mmweko unapotea. Dama ndiye aliyetunga mimweko ya uongo kwenye kompyuta, akajua kila jicho lachelewa kiasi gani, akayasawazisha. Aliifanya kazi hiyo na mimba yake, kisha na mtoto mgongoni. Na huyu Benard kazi yake ilikuwa kuuliza chai iko wapi!

"Nyamaza tu, utatunga nyingine," Benard alimwambia.

Dama akaifunga kompyuta kitambaa chekundu na ganda la konokono, kama babake alivyoweka kago kwenye minazi kule Rabai, mwizi akipanda asishuke mpaka mwenyewe aje.

Kesho yake sauti ya Benard ilianza kuchelewa. Alikuwa keshafumba mdomo ndipo "sabalkheri" ikafika. Baadaye salamu za asubuhi zikawa zafika adhuhuri, kisha magharibi. Watu walizoea. Mutanu, mfagiaji, alikuwa akimwuliza jambo, anakwenda zake sokoni Marikiti, akirudi anakuta jibu ndiyo kwanza linaingia.

Benard akamfuata Dama kwake Mji wa Kale, akapiga magoti barazani. Kiganjani alikuwa ameandika: nisawazishe.

"Kaseme kwanza mbele za watu kazi ni ya nani," Dama akasema. "Kisha nitafungua."

Angeweza kwenda kufungua siku ileile. Hakutaka. Acha aumie.

Siku ya kupewa tuzo kwa kazi ile, Benard alisimama ukumbini, midomo ikacheza, machozi yakamtoka. Wageni wakapiga makofi, wakamvisha nishani, wakaenda kula biriani.

Alasiri, ukumbini wamebaki Dama na Mutanu, sauti ikafika: "Kazi hii yote ni ya Dama Kazungu. Mimi niliiiba."

"Leo amewahi," Mutanu akasema, akaendelea kufagia.

Dama akaenda akafungua kitambaa. Asubuhi yake mdomo wa Benard na sauti vilikuja pamoja.

"Nilisema, sikusema?" akamwambia, nishani ingali shingoni. "Ahadi ni deni. Nimelipa."

Dama akatoka kwenda kutafuta konokono mwingine.