Pigo la Tano

Jumanne ya kwanza baada ya mazishi, mkwangua ngozi alitoka kiwandani saa tisa na nusu alasiri, akanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia, akaenda kujifunza kusema mbele za watu.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani: viti sita, meza ya kukatia nguo, na dirisha lisilofungika vizuri. Aliyefundisha alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, aliyepiga mnada wa mifugo kwa miaka thelathini na minane mpaka magoti yalipomgomea. Wanafunzi walikuwa watatu. Kinyozi alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha vinyozi siku ambayo hakuhudhuria mkutano, na sasa alidaiwa hotuba. Mwalimu wa hesabu alitarajia kuwa mkuu wa shule. Wa tatu alikuwa yeye.

Bibi alimuuliza amekuja kutafuta nini. Alijibu kwa sauti ndogo hivi kwamba fundi cherehani, kule mbele, alisimamisha mashine yake ili wenzake wamsikie. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, wakifanya kazi pamoja kiwandani. Msimamizi alimpiga kijana huyo kwa kulabu, ile ndoana ndefu ya chuma ya kuvutia ngozi kutoka kwenye mashimo ya chokaa. Kosa lake lilikuwa kuuliza glavu mpya zitakuja lini. Alipigwa mara tano, akafa palepale. Ripoti ya kiwanda ilisema aliteleza. Wafanyakazi kumi walioshuhudia waliitia sahihi. Yeye hakuitia kwa sababu saa hiyo alikuwa hospitali na maiti. Baada ya wiki saba ingekaa tume ya watu watatu, na familia ilikuwa imepewa dakika kumi za kuzungumza.

"Na wewe ulikuwa wapi akipigwa?" bibi akauliza.

"Hatua tatu kutoka pale."

"Ukafanya nini?"

Alisema alifungua kinywa. Sauti haikutoka.

"Basi tutaanzia hapo," bibi akasema. "Simama. Fungua kinywa."

Alisimama dakika nne kinywa wazi. Kinyozi akamwambia ana meno mazuri. Somo la siku hiyo likaishia hapo.

Wiki ya pili alitakiwa kueleza kazi yake kwa sentensi sita. Alieleza jinsi ngozi inavyotolewa shimoni ikiwa nzito kama mtu aliyelala, inavyotandazwa juu ya gogo, na jinsi mkwanguaji anavyoilalia kwa kisu cha mikono miwili mpaka nyama na mafuta yote yatoke. Alipofika kwenye chokaa, kinyozi alianza kukohoa, na ncha za vidole vyake zikamenyeka mpaka zikatoa damu. Vya bibi vilimenyeka pia. Bibi alivifuta kwa kipande cha kitambaa, kisha akamkosoa mwanafunzi wake kwa kutazama sakafu.

"Sakafu haina kura," alisema. "Chagua mtu mmoja, mwangalie kati ya macho, uzungumze naye kama unamdai jibu."

Wiki ya tatu alisema, "Mdogo wangu alipigwa," na bibi akamkatiza.

"Miaka yote ile sikuwahi kuuza ng'ombe kwa kusema ni ng'ombe. Nilisema ana pembe la kushoto lililopinda na kovu la kwato ya nyuma. Alipigwa wapi?"

Akavuta pumzi toka tumboni kama alivyofundishwa. Akasema pigo la kwanza lilitua bega la kushoto, pale mtulinga unapokutana na bega, na kwamba mlio wake ulikuwa kama wa kijiti kikavu kilichofungwa ndani ya kitambaa. Mlio huo ukasikika mara mbili chumbani. Kinyozi aliteleza kutoka kitini. Bibi alishika bega lake, akauma mdomo, akangoja maumivu yatulie.

"Umesema vizuri," alisema baada ya muda. "Ila mwishoni umeharakisha."

Mwalimu wa hesabu hakupata hata mkwaruzo. Wenzake wakizungumza, yeye alikuwa na desturi ya kurudiarudia hotuba yake mwenyewe kimoyomoyo. Bibi alimtazama kwa muda, naye alipogundua anatazamwa akaitikia kwa kichwa, akasema hoja ile ilikuwa nzito.

"Umeona?" bibi akamwambia mkwangua ngozi walipobaki wawili. "Anayesikiliza huumia. Asiyesikiliza hapati kitu. Niliwahi kumfundisha bwana mmoja, akisema watu wanatoka wamelowa chapachapa. Kila mtu na sauti yake."

Kwa hiyo masomo yakaendelea. Pigo la pili lilivunja kigasha cha mkono wa kulia, na kinyozi akawa ananyoa wateja kwa mkono wa kushoto; wawili walipoteza vipande vya masikio, wakamhama. La tatu lilikuwa la mbavu. Baada ya hilo kinyozi alilazwa siku tano, lakini wiki iliyofuata alikuja akitembea kama mtu aliyebeba mayai ndani ya shati. Mkwangua ngozi alimwomba asije tena. Kinyozi alisema uongozi una gharama zake, na zaidi ya hayo alikuwa anataka kujua kijana wa watu aliishia vipi.

Pigo la nne, la taya, walilifanyia mazoezi kwa kunong'ona, huku bibi na kinyozi wameziba sikio moja kila mmoja. Hata hivyo kila mmoja alitema jino. La tano bibi alikataa kulisikia.

"Hilo usilitoe hapa. Nenda nalo hivyohivyo, likiwa zima."

"Na kama watakaosikiliza sio wale ninaowakusudia?"

Bibi alifikiri. Alikuwa amejifunga mkono shingoni kwa mtandio, na jicho lake moja lilikuwa limevilia damu.

"Mimi nafundisha kusema, mwanangu. Nani atasikiliza, hilo halifundishiki."

Siku ya kikao aliwaeleza wale wenzake kumi waliotia sahihi, kwamba atakayekuja huenda akaumia na ni hiari yake. Walikuja wote. Mpakia chumvi, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema yeye aliona kila kitu siku ile akarudi nyumbani mzima, na tangu hapo chakula hakimpiti kooni. Mkwangua ngozi alimdanganya mama yake kwamba kikao ni wiki ijayo.

Kikao kilifanyika katika bwalo la kulia chakula la kiwanda, saa nne asubuhi. Wajumbe watatu walikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, mwenyekiti katikati. Msimamizi alikaa kushoto kwao, amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya kiwandani bado ilionekana kifuani. Wafanyakazi kumi walikaa mstari wa mbele. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale wa sekunde, na mwenyekiti alimwonyesha.

Akasimama. Alichagua mtu mmoja, mwenyekiti, akamwangalia kati ya macho, akaanza.

Alisema vizuri kuliko siku zote. Sauti yake ilijaza bwalo bila kupaza. Alieleza mdogo wake alivyokuwa amesimama, alivyonyoosha mikono kuonyesha glavu zilizotoboka, na maneno sita aliyouliza. Kwenye pigo la kwanza mabega kumi yalivunjika kwa pamoja mstari wa mbele. La pili likavunja mikono. Mpakia chumvi alianguka, wenzake wakamwinua kwa mikono iliyobaki. Mama wa chai aliyekuwa akipita na sinia aliliweka chini polepole kabla mkono haujamwachia, akakaa kando yake kusikiliza. Kwenye la tatu damu ilionekana midomoni mwa wawili, na sakafu chini ya viti vyao ikaanza kuteleza.

Mwenyekiti alikuwa akimtazama muda wote. Aliitikia kwa kichwa panapostahili. Mjumbe wa kulia alikuwa akichonga penseli. Wa kushoto alitazama dirishani kwa uso wa huzuni. Msimamizi alikuwa amekunja mikono. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na alama.

Alidhani bado hajasema vya kutosha. Akavuta pumzi toka tumboni, akatoa pigo la nne lote, bila kunong'ona: mlio wake, upande wake, na jinsi mdogo wake alivyojaribu kusema neno "dada" kwa taya ambalo halikuwa tena mahali pake. Mstari wa mbele ukainama wote. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, kitu kilianguka.

Ndipo alipoacha kumtazama mwenyekiti. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho, na mkoba wake ulikuwa sakafuni. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Mkono wa kulia ulining'inia. Taya lilikuwa limekwenda upande, na damu ilikuwa ikitiririka juu ya kanga yake ya kutokea. Alikuwa amesikiliza tangu neno la kwanza, wala hakupiga kelele kwa sababu hakutaka kumkatiza mwanawe.

Zilibaki dakika mbili. Mkwangua ngozi alikuwa na pigo la tano mdomoni, zima, na alijua hasa lilipotua: kisogoni. Alijua pia hakuna atakayelisikiliza akabaki hai.

Mama yake aliinua mkono uliokuwa na nafuu, akampungia. Endelea.

Mshale wa sekunde ulizunguka raundi nzima. Alipofungua kinywa, alitoa sentensi ambayo hakuwahi kuifanyia mazoezi, aliyoisoma mara moja tu kwenye karatasi ya watu wengine.

"Halafu akateleza," alisema, "akaanguka."

Hakuna aliyeumia. Mwenyekiti alichukua kalamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaandika.

Majeruhi walipelekwa zahanati ya kiwanda, wakafungwa plasta. Daktari aliandika kwenye kadi zao kwamba wameteleza, jambo ambalo kwa wengi wao lilikuwa kweli kiasi. Uamuzi ulitoka siku ya tatu, ukurasa mmoja. Ulisema familia yenyewe, kwa kinywa chake, imethibitisha chanzo cha kifo, na ukamshukuru msemaji kwa ufasaha wake na kwa kutozidisha muda.

Mama yake alifungwa taya kwa waya wiki sita. Alikunywa uji kwa mrija na kuzungumza kwa penseli, nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani. Jioni ya kwanza aliandika: *Ungemalizia.*

"Ningekuzika, mama."

Mama alifikiria hilo, akaandika tena, taratibu, kwa mkono usiozoea. *Bega ndipo hasa. Na mbavu. Mimi ndiye niliyemvalisha shati, niliona.* Kisha akamsogezea bakuli la uji, maana binti yake alikuwa hajala tangu asubuhi.

Jumatatu alirudi kwenye gogo lake. Msimamizi alikuja kusimama karibu naye, akamwambia amezungumza vizuri sana, hakujua kama ana kipaji hicho. Alimuuliza amejifunzia wapi. Alisema yeye mwenyewe ameombwa kuhutubia siku ya wafanyakazi bora, na mbele za watu ulimi humkauka. Mkwangua ngozi alimwelekeza: nyuma ya duka la fundi cherehani, Jumanne na Ijumaa. Msimamizi alihudhuria wiki nne. Kinyozi, ambaye hotuba yake ilikuwa imepita salama na chama kilikuwa kimeshamwondoa, alisema baadaye kwamba msimamizi alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, asiyechelewa.

Siku ya wafanyakazi bora walikusanyika wote bwaloni. Msimamizi alisimama wima, akavuta pumzi toka tumboni, akamchagua mtu mmoja wa kumtazama. Alizungumza nusu saa kuhusu umoja, nidhamu na familia moja kubwa. Hakuharakisha mwishoni. Watu walipiga makofi. Wenye mkono mmoja mzima walipiga mapaja.

Mkwangua ngozi alikaa mstari wa pili akimsikiliza neno kwa neno, asiache hata moja lipite, akingoja kitu chochote, hata mwasho. Hakikuja. Kengele ilipolia walivaa aproni zao, wakarudi mashimoni.