Kofia Juu ya Nguzo ya Mawe

Kwetu huku Kansas, ukiokota kitu barabarani hukipeleki nyumbani. Unakiweka juu ya nguzo ya ua iliyo karibu, mwenyewe akirudi akione. Glavu, kiatu cha mtoto, kifuniko cha tangi la trekta, vyote nimeviona vimekaa juu ya nguzo zetu za mawe vikingoja wenyewe. Shule niliiacha darasa la nne, mama alipofariki, nikawa nawapikia wadogo zangu. Lakini hilo la nguzo nilikuwa nimeshalijua.

Baiskeli zilianza kupita mbele ya nyumba yetu miaka ya sabini, mwezi wa Juni, ngano ikiwa imekauka. Wapandaji wameungua na jua, mizigo inaning'inia pande zote mbili za gurudumu, wanatoka bahari ya mashariki wanakwenda ya magharibi. Nikaweka ndoo ya maji na kata pale kwenye sanduku la barua.

"Umefungua hoteli, Otilia?" mume wangu Alfons alinitania. Lakini maji yakipungua, ni yeye aliyejaza.

Siku moja mchana Alfons alikuwa akirudi kutoka kupeleka ngano mjini. Gari liliposimama nikaona mwanamke ameegemea mlango, amefumba macho, na baiskeli iko nyuma. Alimkuta ameketi majanini kando ya barabara, jua limempiga mpaka jina lake halijui. Tukamlaza sakafuni sebuleni, penye ubaridi. Nikamfunga vitambaa vya maji, nikamnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Jioni akafumbua macho, akasema anaitwa Corinne, akauliza baiskeli yake iko wapi.

"Iko barazani," Alfons akamwambia. "Nimekusogezea safari, binti. Maili saba hivi. Hizo hulipii."

Alidhani atacheka. Corinne akajifunika uso akalia.

Baba yake alikuwa fundi baiskeli, na hiyo aliiunda kwa mikono yake. Walipanga kuvuka nchi wawili, bahari hadi bahari, kisha miguu ya mzee ikafa ganzi, akabaki kitandani huko Virginia na ramani ukutani. Kila jioni binti anampigia simu, naye anasogeza pini. Swali lake ni moja tu: umekanyaga pedali njia yote?

"Basi mwambie yote," Alfons akasema. "Maili saba zitamdhuru nini mtu aliye kitandani?"

"Mzee, mimi baba yangu sijawahi kumdanganya."

"Haya. Kesho nitakurudisha pale nilipokuokota."

"Unapakumbuka?"

Alfons akakuna kichwa. Barabara yetu imenyooka kama kamba iliyovutwa, ngano kulia, ngano kushoto. "Palikuwa na ngano," akasema.

"Umetusaidia sana, Alfons," nikamwambia.

Corinne akacheka kidogo, kisha akasema basi ataanzia mjini, alikopita jana. Nikamkatalia. Mji uko mbali, na mwili ule haukuwa na nguvu ya kurudia njia yote ile juani. Nikampa mkate wetu wa kujaza kabeji na nyama. Akawa anatafuna huku anaitazama simu ukutani. Akaenda kulala bila kuipiga. Nikawaza huko Virginia kuna mzee anaitazama yake vilevile.

Asubuhi mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa magharibi. Jirani wote walikuwa mashambani wanavuna mbio. Alfons akaitazama ngano yake iliyobaki, akanitazama mimi, akachukua ufunguo wa pikapu.

Tulikwenda polepole, sisi watatu kiti kimoja, baiskeli nyuma, kila mtu anachungulia. Hakuna alama. Kisha Corinne akanishika mkono. Mbele yetu, juu ya nguzo, palikuwa na kofia nyekundu ya kitambaa.

"Ni yangu," akasema. "Hata sikujua imepotea."

Ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kufungia majani makavu, upepo usiichukue. Chini ya nguzo majani yalikuwa yamelala mtu alipoketi, na alama za matairi yetu zilikuwepo. Kando yake mtu alikuwa ameacha chupa ya matango ya siki, yale yenye chumvi nyingi. Aliyeyaweka alikuwa ameyasoma yale majani, akajua jua limemla mtu.

"Siyo jirani yetu Bernhard," Alfons akasema. "Bernhard hajatoa tango tangu azaliwe."

Corinne akala matango matatu amesimama, akavaa kofia, akapanda. Tukampita tukarudi, Alfons akakimbilia shambani, mimi nikasimama kwenye ndoo yangu.

Alifika kabla ya saa sita. Hakunywa. Aliisukuma baiskeli mpaka gurudumu la mbele likagusa ngazi ya baraza, pale ilipolala, ndipo akaingia jikoni akapiga simu.

"Baba. Jana sikupiga kwa sababu nilikuwa sijafika." Akasikiliza. "Ndiyo. Yote."

Alfons aliingia na vumbi lake kuja kula, akaomba simu. "Mzee, baiskeli yako nzuri. Ila binti yako ukimpa lifti anakudai umrudishe." Kicheko cha yule mzee nilikisikia nikiwa jikoni mwisho, kwenye jiko.

Alasiri ile mvua ya mawe ililaza ngano yetu yote ya upande wa kijito. Alfons hakuihusisha hasara hiyo na ile safari ya asubuhi hata siku moja, mpaka anakufa.

Ile chupa niliiosha, nikaijaza jamu ya aprikoti, nikairudisha juu ya nguzo, kwa maana kwetu chombo hakirudi kitupu. Kesho yake haikuwepo. Nimeingia majiko ya jirani zetu wote, arusi na misiba, nikitupa jicho kabatini kama nitaiona ile chupa. Siku hizi wengi wao hawapo, na nyumba nyingine zina mapazia yaliyofungwa. Bado ninatazama.