Kilo Tatu za Dan

Dan, aliyekuwa na homa ya malaria, alifungwa ndani ya kitenge cha mama yake, akaning'inizwa kwenye ndoano iliyozoea kubeba magunia ya shaba chakavu. Mshale ukayumba, ukatulia kwenye tisa. Hilaire, mnunuzi wa shaba pale mtaani Panda, hakutaka malipo. Alimpapasa mtoto kichwa, akatania kwamba shaba ya aina hii haina bei.

Mizani ya zahanati ilikuwa imeibwa, miaka ile ya njaa mji wa Likasi ulipouza hata bawaba za milango yake, na muuguzi asingeweza kukata vidonge vya kwinini bila kujua uzito. Basi Émérence, mama yake Dan, akampelekea jibu: kilo tisa, na vidonge vikakatwa kwa kipimo hicho. Homa ikashuka, nyumba ikapumua. Kisha homa ikarudi kwa hasira, wakambeba Dan hadi misheni ya Mulungwishi.

Muuguzi wa huko alimpima, akatazama mshale, akamtazama mama.

"Uyu mutoto mulimupimia wapi? Iko na kilo kumi na mbili."

Dan hakuiona asubuhi.

Matanga yalipokwisha, Joëlle, binti mkubwa, alishika kipande cha mkaa, akaandika sakafuni kama mwalimu wa fizikia alivyowafundisha: tofauti kati ya kipimo na uzito wa kweli, igawanye kwa uzito wa kweli, zidisha kwa mia. Émérence, aliyeishia darasa la tano, alifuata kila tarakimu kwa midomo.

"Kosa ni asilimia ishirini na tano, Mama. Ni robo."

Robo ipi? Miguu? Kicheko? Mtaa mzima ulijua mizani ya Hilaire inaiba. Mathieu, mumewe Émérence, aliilaani kila alipouza shaba, huku Dan amemkalia mapajani. Lakini ilikuwa ikiiba shaba. Nani angedhani ingemwibia mtoto kilo zake?

Émérence akatoka kuwaonya kina mama, mlango kwa mlango. Wengi walimpa pole tu, wakidhani ni uchungu unaosema. Alipofika kwa Simone, jirani wa nyuma, alimkuta mtoto wa jirani huyo anacheza mchangani.

"Wangu naye tulimupima kwa Hilaire," Simone alisema taratibu. "Lakini si unaona amepona, Mama Joëlle?"

Émérence alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye shingo ya mtoto. Alikiacha hapo kwa muda mrefu, akashindwa kujua kama joto lile ni la mtoto, la jua, au la mkono wake mwenyewe.