Vitwitwi Kumi na Tisa

Kundi la watazama ndege lilifika ufukweni saa kumi na mbili na nusu asubuhi: watu watano, darubini tatu, chupa moja ya chai. Kiongozi wao alikuwa msimamizi mstaafu wa kiwanda cha chumvi. Wenyewe walimwita Bosi Darubini. Fundi cherehani alikuja kwa sababu daktari alimshauri apumzishe macho kwa kutazama mbali.

Ulikuwa msimu wa ndege kuhama. Vitwitwi walitua topeni, wakaanza kudonoa. Kila walipokanyaga waliacha alama za buti za mpira, saizi ya mtu mzima.

"Mwaka huu wamechelewa," alisema mfamasia, akimimina chai.

Fundi aliinama. Alama moja ya mguu wa kushoto ilikuwa na kiraka cha pembetatu kwenye soli. Kiraka hicho alikibandika yeye mwenyewe kwenye buti ya mumewe, kwa mpira wa baiskeli, wiki ile ile boti ya kiwanda ilipozama na watu wa zamu. Mumewe hakuwamo kwenye orodha ya waliokufa. Kiwandani walisema katoroka na mwanamke, na kwa miaka sita fundi aliitwa mke wa mtoro.

"Huyu wangu," alisema.

Ndege alimtazama kwa jicho moja, akaendelea kula.

Bosi Darubini alivaa miwani. "Ndiye. Alidandia dakika ya mwisho na wenzake saba. Vibarua."

"Kumbe ulimwona?"

"Mimi ndiye niliyewapakia, dada."

Walihesabu vitwitwi kumi na tisa. Bosi akafungua daftari, akaandika kumi na moja.

"Bosi, wako kumi na tisa."

"Nawaona. Ila idadi iliyopitishwa ni kumi na moja."

Daftari likazunguka, kila mtu akatia sahihi. Fundi alikataa kulishika. Mfamasia akamsainia, kwa mwandiko mzuri tu.

Nyumbani fundi alimkuta mama mkwe anachambua mchele.

"Mama, nimemwona mwanao. Alikuwa kwenye boti."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya ungo. "Ana buti zake?"

"Anazo."

"Haya."

Bibi akajifunika mtandio usoni, akaangua kilio alichokibana miaka sita. Majirani walikuja mbio kumpa pole, kisha wakanong'onezana kafiwa na nani, maana orodha ilikuwa bado langoni mwa kiwanda, chini ya kioo, majina kumi na moja.